Kwenu Saa Ngapi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mtwara mjini mbele ya vijana wa ushirika, walimu na wazee, msimu wa korosho ulipokuwa unafunguliwa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichoondoa ni kikohozi.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliojazana karibu na mlango ili mkichoka mtoroke: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nimeitwa kuzungumzia korosho na soko la nje. Nitazungumza habari za saa. Mwenyekiti usinitazame hivyo, kwenye korosho tutafika.

Kadi ya mwaliko wa leo imeandikwa "saa 9:00". Basi. Haikuandikwa asubuhi wala alasiri. Mlinzi wa hapa kaniambia kuna kijana alifika saa tatu asubuhi, amepiga pasi, ana daftari mkononi, akakuta watu wanadeki ukumbi. (Vicheko.) Msimcheke. Kijana huyo amesoma kadi kama anavyosoma simu yake, na simu ikisema 9:00 ni saa tatu. Sisi wengine tumesoma kama tunavyosema, tukaja saa tisa alasiri. Kadi moja, mji mmoja, na tayari tumeachana saa sita nzima. Sasa mfikirie mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Mikindani, alinifundisha kusoma saa ya mkono kwa namna ambayo shuleni hawakuijua. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, usisome hapo. Nenda upande wa pili wa uso wa saa, moja kwa moja kupita katikati, utakuta 3. Hiyo ndiyo saa yetu. Ukiwa kwenye 7, ng'ambo yake ni 1. Jaribuni na saa za mikononi mwenu. Mnaona? Mzungu anaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala, hakuna anayeona kitu. Sisi tunaanza jua linapotoka. Nadhani hesabu yetu ina akili zaidi, lakini mimi ni mtu wa hapa, siwezi kuwa hakimu.

Jua lenyewe nalo lina mambo yake. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Mtwara tuko nyuzi 40 na kidogo mashariki ya Greenwich, kule Uingereza, nyuzi zinapoanzia sifuri. Kigoma haifiki hata 30. Pigeni hesabu: kwa wastani jua linatutokea sisi kama dakika 42 kabla ya wao, na saa zetu za ukutani zinasema kitu kilekile. Waislamu mnalijua hili bila nyuzi wala hesabu. Mwezi wa Ramadhani, mtu wa Kigoma akifuturu kwa adhana ya redio inayosomwa Dar es Salaam, amekula mchana kweupe.

Hiyo ni nchi moja, saa moja, jua mbalimbali. Sasa geukeni kusini. Vuka Ruvuma kwa kivuko pale Kilambo, au pita Daraja la Umoja kule Mtambaswala, mita 720, lililofunguliwa 2010. Ukianza kutembea darajani saa nne kamili asubuhi, unafika upande wa Msumbiji saa tatu na dakika kadhaa. Jua ni lile lile, Wamakonde ni wale wale, hata majina ya ukoo ni yale yale. Lakini Msumbiji imejiweka na Malawi na Zambia, saa mbili mbele ya Greenwich, na sisi tuko na Kenya na Uganda, saa tatu. Ndiyo maana kule Cabo Delgado mwezi wa Desemba jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na jioni giza linawakuta watu wangali kazini.

Tulialikwa harusi ng'ambo, ya binamu yangu. Tukaambiwa saa kumi alasiri. Tukafika saa kumi ya Mtwara, ambayo ni saa tisa yao: maji hayajatekwa, bibi harusi yuko kwa msusi, na mpishi anatuuliza mnataka nini. Kwa ninavyojua mimi, hiyo ndiyo mara pekee watu wa Mtwara wamewahi kufika mapema harusini.

Haya. Kollam.

Kollam ni mji wa pwani kusini kabisa mwa India, jimbo la Kerala. Wazungu waliuita Quilon. Kutoka hapa, ukiweza kuruka kama kunguru juu ya bahari, ni kama kilomita 4,500. Ni mji wa korosho kama huu wetu, isipokuwa wao wanajulikana kwa kubangua na sisi kwa kuvuna. Kwa miaka mingi magunia yaliyojazwa Tandahimba, Newala na Masasi yamepita bandari yetu hapa au Dar, yakashushwa Tuticorin au Kochi, yakapanda malori hadi viwanda vya Kollam. Siku hizi Vietnam nao wamesimama imara, na wao wako mbele yetu saa nne. Lakini mimi Vietnam sijafika. Nazungumzia nilipolala.

Kwa nini wachukue korosho mbali hivi wakati wana mikorosho yao? Kalenda. Mikorosho ya India huvunwa kuanzia Februari mpaka Mei. Yetu ni Oktoba mpaka Januari. Ghala zao zinapokwisha, za kwetu ndiyo zinajaa. Hakuna aliyekaa akapanga. Ni ikweta tu, wao juu, sisi chini. Hata jua linapeana zamu. Juni hapa kwetu jua hutoka kama saa 12:35 asubuhi na kuzama saa 12:07 jioni. Tazama Kollam mwezi wa Desemba: hutoka saa 12:34, huzama saa 12:10. Ni siku ile ile yetu ya kipupwe, wameikopa wakaitumia miezi sita baadaye.

Mwaka 2009 nilipelekwa kule miezi miwili kujifunza kupanga madaraja ya korosho iliyobanguliwa. Nyeupe nzima 320, nyeupe nzima 240: maana yake ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja. Nilikuwa nimeshakaa ghalani miaka mingi nikikata sampuli, nikijiona mjuzi. Nilifika usiku. Simu yangu ilikuwa na laini ya huku, haikujibadilisha yenyewe, nikaambiwa na mwenzangu tuliyesafiri naye: ongeza saa mbili. Nikaongeza saa mbili, nikalala na amani ya moyo.

Kumbe ni saa mbili na nusu.

Hiyo nusu ndiyo iliyoniumbua. Asubuhi nimefika kwenye geti la kiwanda nikijua niko mapema dakika kumi. Geti limefungwa. Mlinzi alikuwa mzee aliyefunga msuli, wenyewe wanauita mundu, ameukunja mpaka magotini kama wavuvi wetu wa Shangani wanavyofanya. Akagonga saa yake kwa kidole. Nami nikagonga ya kwangu, maana niliona yeye ndiye aliyekosea. Tukabaki pale, wazee wawili, hatuna lugha, kila mmoja anagonga saa yake. Mwishowe akaning'ang'ania mkono, akausogeza mshale wangu nusu duara, akaniachia. Kisha akafungua geti. Nilidaiwa maelezo siku ile mpaka chai ya jioni.

Baadaye nikauliza: nusu ya nini? Nchi nyingi huongeza saa nzima nzima. India ni pana sana, na Waingereza walipoipangia saa moja, kuanzia 1906, walichagua mstari wa katikati, nyuzi 82 na nusu, unaopita karibu na Mirzapur. Gawanya kwa 15, unapata saa tano na nusu mbele ya Greenwich; toa tatu zetu, inabaki ile mbili na nusu. Kwa hiyo Kollam, iliyo magharibi ya mstari huo, nayo imepunjwa: saa ikisema sita mchana, jua bado lina kama dakika 24 kufika utosini. Sisi hapa tumepunjwa 19. Na kule Assam, mashariki ya mbali, jua linawahi mno, mpaka mashamba ya chai yakajitungia saa yao, iliyo mbele saa moja ya ile ya serikali, wanaiita saa ya bustani. Serikali ina yake, chai ina yake. Nilipenda sana habari hiyo.

Ndani ya kiwanda ndiko nilikojifunza zaidi. Wabanguaji karibu wote ni wanawake, wamekaa chini kwa safu, kila mmoja na kigogo chake na kirungu cha mbao. Korosho imeshachomwa, ganda limekuwa jeusi. Anaiweka, anapiga pigo moja, si mawili, ganda linapasuka na punje inatoka nzima. Ikivunjika imeshuka daraja. Mafuta ya ganda yanaunguza, wote mnajua, mama zetu wa hapa wanaochoma korosho barabarani vidole vyao havina haja ya maelezo. Kule wanajipaka mafuta na majivu, na bado mikono ni ile ile. Jirani yangu pale alikuwa mama wa makamo; wote walimwita chechi, yaani dada, nami wakaniita chetta, kaka. Ukutani kulikuwa na saa kubwa. Nikagundua hakuna mwanamke hata mmoja anayeitazama. Wanalipwa kwa kilo. Chechi alitazama ndoo. Ndoo ikifika mahali fulani, ni wakati wa kunywa chai. Ikipita hapo, mtoto ametoka shule. Saa ya ukutani ilikuwa ya meneja.

Chakula chao? Nilijua nitakufa njaa. Siku ya tatu wakaniletea muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki wenye nazi na ukwaju. Nikacheka peke yangu, wakadhani siupendi. Wanauita kappa, wanaula kama sisi. Muhogo na korosho vyote vilitoka Brazili kwa meli za Wareno, vikashushwa kwao na kwetu, na hadi leo Kollam mtu wa zamani akitaja korosho kwa lugha yao anaiita kokwa ya Mreno. Na jioni kuna tembo la mnazi, kallu, kwenye vibanda, na wagema wanapanda na visu kiunoni. Uraka, pombe yetu ya mabibo, sikuuona, na hilo nililitia katika mapungufu yao.

Sasa twende kwenye biashara, mwenyekiti apumue.

Kollam wakifungua ofisi saa mbili asubuhi, hapa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakitoka saa kumi na moja na nusu jioni, hapa ni saa tisa alasiri. Sisi tukifungua saa mbili, wao ni saa nne na nusu. Kwa hiyo siku nzima, muda ambao watu wote wawili wako mezani ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa ya hapa. Toa chakula chao cha mchana, ambacho kinaangukia saa nne na nusu yetu, tunapokunywa chai ya saa nne na chapati. Toa chakula chetu, ambacho kinaangukia chai yao ya saa tisa na nusu. Toa swala ya Ijumaa pande zote mbili. Kilichobaki hakizidi saa tano.

Mnada wetu, tangu enzi za barua kwenye sanduku mpaka sasa wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, kwenye skrini, nimehudhuria mingi. Wakulima wamekaa chini ya mwembe, bei zimesomwa, zinabishaniwa. Wanakataa, wanarudia. Haki yao kabisa. Lakini nimeona kwa macho yangu mnada ukianza kuchelewa kwa sababu spika haijafika, mgeni hajafika, hotuba ndefu (najisema mwenyewe), mpaka saa kumi jioni. Saa kumi jioni Kollam ni saa kumi na mbili na nusu. Wakala aliye hapa anampigia tajiri yake aongezewe shilingi hamsini kwa kilo, na tajiri yuko nyumbani, amevua viatu, simu iko chumba kingine. Wakala hana ruhusa. Anasema: kesho. Mkulima anarudi Nanyamba kwa bodaboda akiamini wanunuzi wamekula njama. Njama nazo zipo, sitawadanganya, na kangomba, wale walanguzi wa korosho, wapo. Ila siku zingine ni kwamba tu tumeuza wakati mnunuzi anakula wali.

Nilishalisema hili kwenye vikao nikajibiwa kwamba sisi ndio wenye mali, wao ndio waamke. Sawa. Chechi na mimi tulikubaliana katika hilo. Lakini jueni kwanza wanaamka saa ngapi.

Na ukiandika ujumbe, kijana, usiandike "saa 9" wala "saa 3". Andika 15:00, halafu andika saa za Tanzania. Mhindi ataongeza mwenyewe mbili na nusu, amezoea. Ukimwandikia saa tisa kwa hesabu ya babu yangu, atakungoja asubuhi, na wewe utampigia alasiri, na kila mmoja ataona mwenziwe hana adabu. Tatizo letu ni kwamba tunavuka mito miwili kwa mpigo: kwanza kutoka saa ya Kiswahili kwenda ya Kizungu, saa sita, halafu kutoka Mtwara kwenda Kollam, mbili na nusu. Wengi wetu tunazama kwenye ule wa kwanza, hata Ruvuma hatujaiona.

Mzee mmoja hapa mbele ananiuliza kwa ishara: zamani ilikuwaje? Nashukuru, maana nilitaka kulipitia.

Babu huyo huyo wa Mikindani alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuwahi kuuliza India ni saa ngapi. Aliuliza ni upepo gani. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, vyombo vinashuka kutoka huko vikija kwetu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, ndiyo ya kurudia. Ukichelewa umelala mwaka. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Moroko, alipita mlemle: mwaka 1331 alikuwa Kilwa, hapo tu mkoa wa Lindi, na miaka kadhaa baadaye akafika Kollam, akausifu mji. Tofauti ya Kilwa na Kollam kwake ilikuwa ni misimu.

Na watu wa Kollam wana hesabu yao ya miaka, yenye jina la mji wao, iliyoanza mwaka 825. Bado iko kwenye kalenda za ukutani Kerala nzima, na mwezi wake wa kwanza ndio wa sikukuu ya Onam, ambapo wafanyakazi wa korosho hudai bonasi yao kwa nguvu kuliko sisi tulivyokuwa tukidai malipo ya pili ya korosho zetu. Mchana na usiku waliugawa vipande 60 vya dakika 24, wanaviita nazhika, na wazee wao walianza kuhesabu jua linapotoka. Chechi aliponieleza hilo, kwa vidole na Kiingereza chetu cha kuokoteza, nikamvulia saa yangu nikamwonyesha ile ya babu: mshale huku, soma kule. Akaielewa mara moja. Meneja hakuielewa mpaka naondoka. Sisi tena tumezidisha: siku tunaianza magharibi, ndiyo maana Alhamisi usiku mzee wako anakwambia leo ni usiku wa Ijumaa, na hakosei.

Tangu 2009 chechi ameacha kazi, magoti. Mwanawe ana simu, na chechi huitumia kunipigia mara moja moja. Hunipigia saa tatu usiku ya kwao, akishafunga mlango, ambayo hapa ni kumi na mbili na nusu jioni, mwanga ndiyo unaisha na adhana ya magharibi imeshapita. Neno la Kiswahili analolijua ni moja, nililomfundisha mimi, na ndilo la kwanza kila mara: "Saa ngapi?" Namjibu kwa ile ya kwetu, kumi na mbili na nusu. Anaitoa, anajumlisha, namsikia akinong'ona, halafu anacheka akikuta inalingana na ukuta wake.

Ninapozungumza sasa ni saa kumi na moja na robo. Kollam ni saa mbili kasorobo usiku, viwanda vimefungwa, hakuna korosho itakayouzwa leo. Mwenyekiti ananionyesha saa yake muda mrefu sasa, na mimi kutoka hapa sioni ameiweka kwa saa za wapi.